Pipa la Jumamosi

Tucson, Arizona
12 Novemba 1978

Shemeji Urho,

Nimefika salama. Kifua bado kinapiga filimbi, ila daktari wa huku anasema jua litakitengeneza, na jua hapa halikosekani hata ukilitukana. Mwezi wa kumi na moja huu, watu wanakunywa kahawa nje mikono wazi! Elma amenipa chumba chenye zulia la rangi ya karoti. Binti yangu ananitunza, siwezi kusema vingine.

Sasa nisikilize, na sehemu hii uisome mara mbili, maana nakujua, barua unaisoma kama gazeti, kuanzia nyuma. Juzi Elma kanikalisha mezani akaniambia waziwazi: bomba la choo likiganda tena baridi hii kama lilivyoganda baridi iliyopita, nyumba inauzwa mwezi wa sita na mimi nabaki huku kwenye mchanga. Anasema hawezi kuzika wazazi wawili kwa ajili ya bomba moja. Ningemjibu nini? Nimempa mkono, nimekubali. Kwa hiyo ujue hivyo, shemeji. Nyumba, ziwa, na pale alipolala Reino wangu, vyote nitavirudia au sitavirudia kutokana na lile bomba.

Hita ya nyumba nimeiacha kwenye moto mdogo, uiangalie kila Jumatatu. Theluji ya nyuma ya nyumba asiikanyage mtu. Na kila Jumamosi, Urho, KILA Jumamosi, uwashe jiko la kibanda cha sauna, mawe yapate moto wa kutoa mvuke, upashe pipa zima la maji mpaka yachemke, uoge, halafu ulimwage pipa lote kwa mpigo mmoja liende bombani. Mume wa Elma ati anashauri tuache bomba la jikoni lidondoke polepole mchana na usiku. Nikamwambia, "Mwanangu, hivyo ndivyo mnavyotengeneza mshumaa wa barafu." Tone linaganda juu ya tone, mpaka bomba linaziba lote. Ni mtu mwema, ila kazaliwa kwenye joto.

Najua hujatia mguu mle ndani tangu siku ile. Na mimi sikuoga mle tena, nilioga kwa jirani Impi. Reino alichimba siku tatu, na ule mguu wake wa kushoto uliopondwa mgodini, ardhi imeganda futi sita, mpaka akalifikia bomba akalizibua. Jumamosi akaingia sauna kujipasha moto, akapanda benchi la juu, hakushuka. Hayo yamepita. Sauna ni mawe na mbao tu. Ingia, oga, na ukitoka mwachie mvuke wa mwisho mwenye sauna, yule asiyeonekana, kama tulivyofundishwa, umshukuru, ufunge mlango.

Sina mwingine wa kumwomba. Wewe ndiye fundi wa vyoo vya ziwa zima, na ndiye ndugu yake.

Wako,
Saima


Ziwa Kuikka, Minnesota
3 Desemba 1978

Shemeji Saima,

Barua imefika, nimeisoma kuanzia mbele. Usiwe na wasiwasi.

Jana nimewasha sauna yako mara ya tatu. Mawe yalipata moto upesi, kuni za Reino bado kavu kabisa. Nikaoga, nikajichapa mgongo kwa fagio la majani, nikamwaga pipa lote kwa mpigo, nikasikia maji yanateremka vizuri. Mvuke wa mwisho nimemwachia mwenyewe.

Juu ya bomba nimetandika nyasi kavu kiasi cha goti, kutoka ukutani mpaka kwenye tangi la choo, kisha theluji ikaja yenyewe ikafunika. Nimezungushia kamba yenye vitambaa vyekundu ili asipite mtu wala mbwa. Tangi sikulinyonya, usije ukaniuliza. Tangi lililojaa lina joto lake. Tupu ni baridi tupu, na theluji ikianza kuyeyuka ardhi inajaa maji, tangi tupu linaelea. Pale kwa mchungaji wa zamani niliwahi kulikuta limeibuka bustanini kifuniko wazi, watu wamesimama pembeni wamevua kofia.

Baridi imeanza mapema. Jana asubuhi ishirini na nane chini ya sifuri. Nasikia ardhi inapasuka huko msituni.

Impi ameninunulia samaki wa Krismasi, yule wa kulowekwa magadi. Nimemshukuru, kisha nimempa paka wake.

Urho


Tucson
15 Desemba 1978

Shemeji,

Umenifurahisha hadi nimemsomea Elma barua yako. Amenuna. Alidhani utashindwa, nadhani hata alitumaini, Mungu amsamehe.

Na si maneno yako peke yake. Impi naye ameniandikia kurasa nne. Unajua lile dirisha lake la jikoni linavyotazama kwetu kuvuka barafu, na ile darubini anayosema ni ya ndege. Anasema kila Jumamosi saa tisa alasiri moshi unapanda kutoka sauna yetu, wima kabisa, na anakuona ukipita na kuni mkononi. Kasema, "Siku zote nilimwona Urho mvivu, kumbe nimemwonea." Hiyo uiweke kwenye fremu, hutaipata tena.

Ila bwana we, umeumia wapi? Impi anasema unachechemea. Mguu wa kushoto, unaukokota. Umeteleza kwenye lori? Uzee huo, shemeji, na huna mke wa kukukanda. Ukande kwa mafuta ya tapentaini, yapo kabatini kwetu juu ya sinki.

Nimemwambia mume wa Elma habari ya yule mchungaji na tangi lake. Hakula chakula cha jioni.

Saima


Ziwa Kuikka
2 Januari 1979

Shemeji,

Heri ya mwaka mpya.

Mguu unapona. Ni kitu kidogo.

Nina maswali, na usiyatie maana. Kuna mtu mwingine uliyempa ufunguo? Labda mpwa wa Impi, au wale wawindaji wa mwaka juzi? Pili, Impi alisema huyo aliyemwona amevaa nini? Naomba umuulize wewe, mimi nikimuuliza ataleta maneno kanisani.

Jumatatu nilipokwenda kuangalia hita nilipitia nyuma. Theluji juu ya tangi imebonyea duara zima, imelowa, na kwenye ncha ya bomba la kupumulia kuna mvuke. Kila tangi lingine ziwani kote limefunikwa na theluji mpaka huwezi kujua liko wapi. Baridi hii nimeshazibua nyumba kumi na moja. La kwako lina joto kama nyumba yenye harusi.

Kwa hiyo bomba ni zima. Hiyo ndiyo habari.

Urho


Tucson
14 Januari 1979

Urho,

Mbona unanitisha? Ufunguo upo mmoja, nao ni wewe unao. Na tangi lina joto kwa sababu unalimwagia pipa la maji ya moto kila Jumamosi, au siyo? Fundi wa miaka arobaini anashangaa maji ya moto kuwa ya moto!

Impi nimemuuliza. Anasema koti la kijivu la mgodini, kofia yenye masikio. Nikasema hilo koti la Reino liko ukumbini, umelivaa, sawa, ndiyo baridi ile. Sikukasirika. Ningependa ungeomba tu.

Na akaongeza kitu kingine, nami nimecheka mpaka nikakohoa. Anasema mlangoni pa sauna pananing'inia mafagio mawili ya majani. Mawili! Eti Urho Rautio, bikira wa Kuikka, anaoga na nani? Niambie mimi tu, sitamwambia mtu. Kama ni yule mjane wa posta, mpe kahawa nzuri, siyo ile yako ya kuchemsha mara tatu.

Sasa la maana. Jumamosi hii ya tarehe ishirini ndiyo inatimia mwaka. Nakuomba ukawashe mshumaa kaburini, na jioni uoge taratibu, ukae naye kidogo. Ningekuwepo ningefanya mwenyewe. Silali vizuri huku. Elma ameshaita dalali wa nyumba, karatasi ziko kwenye droo ya simu, tayari kabisa, tarehe tu imeachwa wazi. Ananiambia, "Mama, Machi bado." Na kweli Machi bado, na Machi ndiyo hugandisha mabomba.

Saima


Ziwa Kuikka
28 Januari 1979

Shemeji Saima,

Barua hii nimeianza mara nne. Sasa naiandika bila kuisoma tena.

Sikuwahi kuwasha sauna yako. Hata mara moja. Yote niliyokuandikia ni uongo, kuni, mawe, mgongo, pipa. Jumamosi ya kwanza nilifika mpaka kwenye ngazi ya sauna, nikageuka. Ya pili nilifika kwenye gari. Baada ya hapo, Jumamosi sikutoka hata nyumbani. Nilijua bomba litaganda, nikajiambia nitalizibua kimyakimya kabla hujarudi na hutajua. Koti la Reino sijaligusa, liko ukumbini, nimelitazama Jumatatu, liko palepale. Mguu wangu haujawahi kuuma. Na hakuna mjane.

Mshumaa wa tarehe ishirini niliwasha kaburini saa nane. Kutoka makaburini nikasema leo lazima nione nani huyo. Nikapita kwa miguu kwenye misonobari ya upande wa barabara. Saa tisa na dakika chache moshi ukatoka. Shemeji, kati ya nyumba na sauna theluji inafika kifuani, na juu yake hapakuwa na alama hata ya sungura. Mlango wa sauna umezikwa nusu. Mtu hakuingia mle kwa miguu.

Nilisogea mpaka kwenye chemba ya bomba, pembeni, sikukanyaga juu ya bomba. Nikasikia maji yanatupwa kwenye mawe. Halafu kikohozi. Nakijua kile kikohozi, nimekaa nacho benchi moja kila Jumamosi tangu alipoanza mgodi. Kikohozi cha vumbi la chuma, mara mbili, kimya, mara moja. Baadaye pipa likamwagwa, lote kwa mpigo, na nikayasikia maji yakipita chini ya ardhi kando ya miguu yangu, yanakwenda zake kwenye tangi, na theluji kwenye chemba ikatoa mvuke.

Nilingoja atoke. Hakutoka. Moshi ukaisha, kukawa giza, mlango haukufunguka. Mafagio yapo mawili, ndiyo. Nimeyaona.

Nimekudanganya miezi mitatu na bomba lako limepona bila mimi. Unitukane, nastahili.

Urho


Tucson
4 Februari 1979

Urho,

Nimekutukana. Nimekutukana kwa sauti, kwa lugha ya mama, mpaka Elma akaja kuuliza kama nina homa. Miezi mitatu! Nikiwa nimekaa huku nakusifia kwa kila mtu! Ungesema tu "siwezi," ningemwomba Impi, angefanya mwenyewe na goti lake bovu. Ulinipa neno lako, na neno lako ndilo nililomwonyesha Elma.

Hayo yamekwisha, nimeyasema.

Hilo lingine, nimelisoma mara tatu nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Halafu nikatulia. Ni Reino, Urho. Nimeishi naye miaka thelathini na tisa, alivyokuwa hai sikumwogopa, nianze leo? Hajamvunjia mtu kitu. Amewasha sauna, basi.

Ninachojiuliza ni wewe. Mlikuwa mkioga pamoja kila Jumamosi tangu wadogo, mnatoka wekundu, mnakula soseji, mnagombana habari ya sangara nani kavua mkubwa. Mtu anayemlilia ndugu yake hivyo angevunja ule mlango kwa kichwa. Wewe unakimbia. Tena ulianza kukimbia kabla hajafa. Zile siku tatu alizochimba, ulikuja mara moja, ukasimama, ukaondoka. Wewe, fundi! Nilikuwa dirishani na kikombe cha kahawa chako mkononi, nikakiona kinapoa.

Kuna kitu hujaniambia. Sitakuandikia tena mpaka uniambie.

Saima


Ziwa Kuikka
25 Februari 1979

Shemeji,

Wiki tatu nimekuwa nikilipita sanduku la posta kama ni polisi. Haya, nasema.

Oktoba ya mwaka juzi nilikuja kunyonya tangi lenu. Siku zote lori naliacha barabarani, navuta mpira mrefu kuzunguka nyumba, dakika arobaini za taabu. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, mikono imekufa ganzi, na mlikuwa kanisani. Nikapitisha lori uani. Nikapita juu ya bomba, nimejaza, tani kumi na moja. Novemba theluji ilipoanguka nikaja kuchukua fungu langu la nyama ya paa, nikapita njia ileile kwa sababu alama zilikuwepo.

Unajua kazi yangu. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia kila mwenye nyumba: usipitishe gari juu ya bomba. Udongo ukishindiliwa na theluji ikishindiliwa, baridi inashuka kama imefunguliwa mlango. Mahali pengine ardhi iliganda futi tatu. Kwenye alama za magurudumu yangu iliganda sita. Udongo ukavimba, ukalibinua bomba, maji yakatuama, yakawa barafu.

Reino aliponipigia simu nikaja, nikaona anapochimba. Alikuwa amesimama ndani ya alama ya gurudumu langu la kulia. Nikasema, "Bomba la zamani hilo, kaka, limechoka." Nikasema nina kazi mjini. Nilikuwa na mashine ya mvuke nyuma ya lori, Saima. Ningelizibua kwa saa mbili. Lakini ningeitoa ningelazimika kukaa pale na kutazama lile shimo pamoja naye, naye angeniuliza. Nikaondoka nayo.

Jumamosi asubuhi akanipigia tena. "Limezibuka. Njoo uoge, pipa linachemka." Nikasema niko na mafua.

Mimi ndiye niliyemchimbisha. Mimi ndiye niliyemwacha apande lile benchi peke yake, hana wa kumshika mkono. Ndiyo maana siwezi kuingia. Simwogopi mfu. Naogopa ataniuliza.

Kuna jambo lingine na lazima ulijue kwa sababu ya nyumba. Kila Jumamosi nakwenda kusimama kwenye chemba. Sasa anachoka. Moshi unaanza saa kumi badala ya tisa. Jana kikohozi kilichukua muda mrefu kuisha, na pipa hakulimwaga kwa mpigo, alimwaga nusu, akapumzika, akamwaga nusu. Theluji juu ya tangi imeanza kukauka. Watu wanadhani Machi hatari imepita kwa sababu jua limerudi, kumbe baridi ya Januari ndiyo kwanza inafika chini huko mabomba yaliko. Hizi wiki tatu ndizo zenyewe. Akiacha, linaganda.

Fanya utakavyo. Muuzie Elma hata jina langu.

Urho


Tucson
4 Machi 1979

Urho, shemeji yangu,

Nilijua.

Lisome hilo neno tena.

Reino alijua siku ya kwanza. Alifagia theluji na koleo, akaona zile alama mbili, akaja jikoni kuvaa buti za pili. Akaniambia, "Ni lori la Urho." Nikasema namwita sasa hivi aje achimbe mwenyewe, mjinga yule! Akanishika mkono. Akasema, "Usimwambie. Akijua kwamba tunajua, ataona haya, ataacha kuja Jumamosi." Hivyo tu. Kisha akatoka kuchimba. Nilikasirika na wewe siku tatu nzima, na yeye hakukasirika hata dakika moja, na hilo likanikasirisha zaidi.

Ndiyo maana kahawa yako nilikuwa nimeishika dirishani. Yeye ndiye aliyeniambia niimimine.

Jumamosi ile alitundika mafagio mawili mlangoni. Moja lake, moja lako. Ulipomwambia una mafua akarudi kutoka kwenye simu akasema, "Atakuja tu, nitamngojea." Mimi nilimwona anapanda kule sauna na soseji mbili kwenye karatasi. Sikukuambia haya mwaka mzima. Nilikuwa nimeyaweka ili yakuumize siku moja, nakiri. Sasa nayatoa, nayo hayanipi raha niliyodhani.

Hachemshi maji kwa ajili ya bomba, Urho. Bomba ni langu, naye alikuwa halipendi hata akiwa hai. Amekaa kwenye lile benchi mwaka mzima na zaidi anakungojea wewe. Amechoka, umesema mwenyewe.

Chukua koleo, chimba njia mpaka mlangoni. Kuni ukapasue mwenyewe, usitumie zake. Uwashe wewe, upashe pipa wewe. Elma anangojea Machi iishe na karatasi zake kwenye droo, na mimi pia nangojea, lakini hilo ni la pili. Nenda umtoe ndugu yako.

Saima


Ziwa Kuikka
11 Machi 1979

Shemeji,

Jana nilikwenda saa sita mchana. Kuchimba njia kumenichukua saa mbili, na kila koleo nilikuwa nasema nitarudi nyumbani baada ya hili. Mlango ulikuwa umeganda, nikaupiga bega.

Ndani baridi, giza, jiko limekufa. Hapakuwa na majivu mapya hata kiganja. Pipa limejaa maji, limeganda juu. Kwenye benchi la chini kulikuwa na karatasi ya soseji. Tupu. Labda panya.

Nikapasua kuni, nikawasha. Saa tisa mawe yakawa tayari. Nikachukua fagio moja, la pili nikaliweka benchi la juu, mwisho kabisa, upande wake. Nikakaa chini. Benchi la juu sikuweza.

Nikasema, "Kaka, ni lori langu lililofanya." Nilidhani nitasema mengi, nilikuwa nimeyapanga. Hilo tu ndilo lilitoka. Kisha nikalia, Saima, mzee mzima, uchi, na fagio mkononi.

Mawe yakalia. Mimi sikuwa nimemwaga maji, kata ilikuwa kwenye ndoo. Mvuke ukanipiga mgongoni, ule wa kwake wa kukata pumzi, na nilikuwa nikimgombeza kwa huo miaka yote. Nikajichapa. Kule juu nako kulikuwa kunachapwa.

Sijui tulikaa muda gani. Baadaye mbao za benchi la juu zikalia. Ngazi ya kwanza, mguu mzito. Kisha ule unaokokotwa. Ngazi ya pili. Nikanyoosha mkono wangu juu bila kugeuka, kama tulivyokuwa tukifanya tangu mguu wake uumie, ili ashikilie. Ukashikwa. Mkono wa moto, wenye sugu. Ukaniegemea kwa uzito wote, kisha ukaniachia. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, ukafungwa taratibu ili joto langu lisitoke.

Nikaliinamisha pipa, nikalimwaga lote kwa mpigo mmoja. Nimelisikiliza mpaka mwisho. Limekwenda. Nikamwaga kata moja ya mwisho kwenye mawe, nikashukuru, nikatoka. Nje palikuwa na njia niliyochimba, na nyayo zangu peke yake.

Wiki za Machi zilizobaki nitazichukua mimi, na Jumamosi zote baada ya hapo. Mwambie Elma droo aitumie kwa kitu kingine.

Ameshuka, shemeji. Njoo nyumbani.

Urho